Utafiti wa Hewa ya Ukaa na Namna Ulivyopangwa

Miongoni mwa kazi za sayansi zilizofanywa tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili, ni chache zilizohitaji subira na mpango mrefu kama kazi ya kupima hewa ya ukaa iliyomo katika angahewa, na kukadiria athari zake juu ya tabia ya nchi. Matokeo ya kazi hiyo hutajwa kila siku katika magazeti na katika mabaraza ya mataifa. Lakini namna kazi yenyewe ilivyopangwa, hoja zilizoshindana kabla ya chombo cha kwanza kuwashwa, na jinsi ilivyokaribia kukatika kwa kukosa fedha, ni mambo yasiyojulikana na wengi. Makala haya yaeleza mambo hayo kwa ufupi, pamoja na mafunzo yapatikanayo ndani yake kwa yeyote atakaye kupanga utafiti wa jambo libadilikalo polepole.

Jina na kitu chenyewe

Hewa ya ukaa, ambayo vitabu vya kemia huiita pia dioksidi ya kaboni, ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Hutoka katika pumzi za wanyama, katika kuoza kwa mimea, na katika kuchomwa kwa kuni, makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi ya ardhini. Jina lake la Kiswahili lina asili moja na neno makaa, na kwa hiyo lamkumbusha msomaji chanzo kimojawapo cha gesi yenyewe. Hata hivyo jina hilo laweza kupoteza njia. Jiko la makaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, ambayo huwaua waliolala bila wao kujua. Gesi hiyo ina atomu moja ya oksijeni katika kila molekuli, ilhali hewa ya ukaa inazo mbili. Tofauti ya atomu moja ni tofauti kubwa: hewa ya ukaa, kwa kiasi kilichomo angahewani, haimdhuru avutaye pumzi, na mimea yote huishi kwayo. Athari yake iko katika joto.

Kiasi chake ni kidogo sana, hata kikapimwa kwa sehemu katika kila sehemu milioni moja za hewa kavu. Kabla ya viwanda kuenea Ulaya, katika karne ya 18, kilikuwa kama sehemu 280. Mwaka 2024 wastani wa mwaka katika kituo cha Mauna Loa ulikuwa umepita sehemu 420. Mtu asiyezoea hesabu hizi aweza kudhani kwamba kitu kidogo namna hii hakina nguvu. Jibu la dhana hiyo lilitafutwa katika maabara zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Swali lilivyoanza

Mwaka 1856 mwanamke wa Kimarekani, Eunice Foote, alieleza kwamba chupa iliyojazwa hewa ya ukaa, ikiwekwa juani, hupata joto kuliko chupa yenye hewa ya kawaida. Mwaka 1859 John Tyndall, akifanya kazi London, alionyesha kwa vyombo vya hali ya juu zaidi kwamba gesi zilizo nyingi angahewani, yaani oksijeni na naitrojeni, huiacha mionzi ya joto isiyoonekana ipite, lakini mvuke wa maji na hewa ya ukaa huizuia. Mwanga wa jua hupenya angahewa na kuipasha ardhi. Ardhi nayo hulirudisha joto hilo juu kwa mionzi isiyoonekana. Na gesi hizo chache hushika sehemu yake kabla haijatoroka. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwa mkono kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia lingepanda kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi.

Hesabu hiyo ilikaa vitabuni muda mrefu bila kushughulikiwa. Mwaka 1938 Guy Callendar, mhandisi wa mitambo ya mvuke nchini Uingereza, alisoma mbele ya chama cha wataalamu wa hali ya hewa mjini London hoja yake kwamba gesi hiyo ilikuwa ikiongezeka tayari, na kwamba joto lilikuwa likipanda pamoja nayo. Wengi hawakukubali, na pingamizi zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, vipimo vya zamani vya hewa ya ukaa vilipingana mno, hata haikuwezekana kusema kwa yakini kama imeongezeka au la. Ya pili, ilidhaniwa kwamba bahari kuu ingemeza karibu gesi yote itokayo viwandani.

Pingamizi ya pili ilidhoofishwa mwaka 1957 na Roger Revelle na Hans Suess, wa taasisi ya elimu ya bahari ya Scripps huko California. Walionyesha kwamba maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi za kaboni zilizoyeyuka ndani yake, huipokea gesi hiyo kwa uzito, na kwamba sehemu ya juu ya bahari huweza kupokea kidogo tu kabla haijachanganyika na maji ya vilindini, jambo linalochukua mamia ya miaka. Basi ilibaki pingamizi ya kwanza, nayo isingeondolewa kwa hoja. Ilihitaji kipimo.

Mipango miwili iliyoshindana

Wakati huo mataifa 67 yalikuwa yakijitayarisha kwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, uliodumu tangu tarehe 1 Julai 1957 hata tarehe 31 Desemba 1958. Fedha zilipatikana kwa ajili ya kupima bahari, barafu, usumaku wa dunia na angahewa, na hewa ya ukaa ikapewa nafasi yake. Swali likawa: ipimwe vipi?

Revelle aliona kwamba ingefaa kuchukua hewa kutoka mahali pengi, kwa meli na kwa ndege, ili kupata picha ya dunia nzima ya wakati ule. Kisha wataalamu wangerudi baada ya miaka kumi au ishirini, wachukue tena, walinganishe. Mpango huu ulikuwa na mantiki yake, maana iliaminika kwamba kiasi cha gesi hutofautiana sana kutoka mahali hadi mahali. Huko Skandinavia vituo 15 vilikuwa vimeanza kupima tangu mwisho wa mwaka 1954, na vipimo vyake vilipanda na kushuka mno kwa kila upepo uliovuma.

Mpango wa pili ulikuwa wa kijana mwanakemia, Charles David Keeling. Akiwa Pasadena, tangu mwaka 1953, alijitengenezea chombo cha zebaki cha kupima gesi kwa usahihi mkubwa, kisha akachukua hewa kwa chupa za kioo katika misitu, milima na majangwa, usiku na mchana. Aliona kwamba usiku kiasi kilipanda kwa sababu ya pumzi za mimea na udongo, lakini wakati wa alasiri, hewa inapokuwa imechanganyika vyema, kilikuwa karibu kilekile popote alipokwenda, yaani kama sehemu 310. Kwa hiyo aliamini kwamba kupandashuka kwa vipimo vya Skandinavia kulitokana kwa sehemu kubwa na makosa ya upimaji. Kama ni hivyo, hapakuwa na haja ya vituo vingi. Vilitakiwa vituo vichache, mbali na miji na misitu, vyenye mitambo ipimayo mfululizo bila kukoma, na gesi za kulinganishia zilizopimwa kwa uangalifu usio na kifani.

Harry Wexler, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika idara ya hali ya hewa ya Marekani, aliukubali mpango huo mwaka 1956. Idara yake ilikuwa na kituo kipya juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, kwenye kimo cha mita 3,397, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kituo kingine kikapangwa katika Ncha ya Kusini. Mitambo iliyochaguliwa ilipima gesi kwa kuangalia ni kiasi gani cha mionzi ya joto kilichozuiwa na hewa iliyopitishwa ndani yake. Yaani sifa ileile aliyoionyesha Tyndall ikawa njia ya kupimia.

Hata mahali pazuri huwa na kasoro zake. Mauna Loa ni mlima wa volkeno, na nyufa zake hutoa hewa ya ukaa ambayo upepo wa usiku waweza kuileta kituoni. Mchana upepo hupanda kutoka misituni, ukileta hewa iliyonyonywa na majani. Dawa yake haikuwa kuhama, bali kuweka kanuni mapema: saa ambazo kipimo kinayumba zisihesabiwe, zihesabiwe zile tu ambazo hewa yatoka baharini juu, tulivu na iliyochanganyika. Kanuni hiyo ni sehemu ya mpango kama mtambo wenyewe ulivyo, kwa maana asiyeiweka kabla ya kuona matokeo huweza kuchagua apendayo.

Kilichoonekana

Mtambo wa Mauna Loa uliwashwa mwezi wa Machi 1958, na kipimo cha kwanza kilikuwa kama sehemu 313. Kiasi kikapanda hata mwezi wa Mei, kisha umeme ukakatika na kazi ikasimama kwa muda. Uliporudi, kiasi kilikuwa kimeshuka, kikaendelea kushuka hata majira ya vuli, kisha kikaanza kupanda tena. Mwaka uliofuata mwendo huo ulijirudia. Keeling akatambua kwamba alikuwa akiona pumzi ya nusu nzima ya dunia: mimea ya kaskazini ichipuapo hunyonya hewa ya ukaa, na majani yaanguapo na kuoza huirudisha.

Jambo la pili lilionekana mapema zaidi katika Ncha ya Kusini, ambako pumzi hiyo ya majira ni dhaifu. Mwaka 1960 Keeling alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kila mwaka ulianza juu kidogo ya mwaka uliotangulia. Nyongeza ilikuwa ndogo, kama sehemu moja na kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho kisingeonekana kikijaa kama vipimo vingekuwa na makosa makubwa kuliko nyongeza yenyewe. Pingamizi ya kwanza dhidi ya Callendar iliondoka kwa njia hiyo. Ikumbukwe pia kwamba mpango wa kurudi baada ya miaka kumi usingeyaonyesha majira kamwe, na kama safari ya kwanza ingefanywa Mei na ya pili Oktoba, yumkini sehemu kubwa ya nyongeza ingefichika.

Fedha zilipokatika

Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia ulikwisha, na fedha zake zikaisha. Wakubwa wa fedha waliona kwamba jambo limekwisha julikana, na kwamba kupima tena na tena ni kazi ya karani, si ya mtaalamu. Kongresi ya Marekani ilipunguza bajeti. Upimaji wa mfululizo katika Ncha ya Kusini ukasimamishwa, na katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1964 mtambo wa Mauna Loa nao ukanyamaza. Keeling alipata msaada wa fedha mahali pengine, na kazi ikaanza tena mwaka huohuo. Lakini katika mstari wa Mauna Loa, uchorwao sasa katika vitabu vya shule duniani kote, vipimo vya miezi ile havipo. Maji yakimwagika hayazoleki: hewa ya mwezi uliopita bila kupimwa haiwezi kurudishwa kwa fedha yoyote.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa utafiti wa namna hii. Fedha za utafiti kwa kawaida hutolewa kwa miaka miwili au mitatu, na mtoaji hutaka jambo jipya mwishoni. Thamani ya mstari wa Mauna Loa haimo katika kipimo kimoja. Imo katika kutokatika kwake. Mwaka wa hamsini hauna maana bila miaka arobaini na tisa iliyoutangulia. Tangu mwaka 1974 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia bahari na angahewa ilianza kupima mahali hapohapo kwa mitambo yake, lakini vipimo vya Scripps havikukomeshwa. Mikono miwili inayopima kitu kimoja si ubadhirifu, kwa kuwa kosa la mmoja hugunduliwa na mwingine. Keeling alifariki mwaka 2005, na usimamizi wa vipimo vya Scripps ukaendelezwa na mwanawe, Ralph Keeling.

Kutoka kipimo hadi mpango mpana

Kujua kwamba gesi yaongezeka ni mwanzo tu. Mwezi wa Novemba 1965 kamati ya washauri wa sayansi wa Rais Lyndon Johnson ilitoa taarifa ambamo sura iliyoongozwa na Revelle ilieleza hatari ya hewa ya ukaa. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa kwa kompyuta kwamba gesi ikiongezeka maradufu joto lingepanda kwa nyuzi 2.3 hivi. Ilipofika miaka ya 1970 ilikuwa dhahiri kwamba maswali yamekuwa mengi kuliko awezavyo mtu mmoja au taaluma moja.

Mwezi wa Machi 1977 wataalamu walikutana Miami Beach kupanga mpango wa taifa wa Marekani, ambao baadaye uliwekwa chini ya wizara mpya ya nishati. Mwezi wa Aprili 1979 walikutana wengine mjini Annapolis, na safari hii walialikwa pia watu wa elimu ya jamii, kwa sababu kuhama kwa mvua na kupanda kwa bahari si mambo ya fizikia peke yake. Kazi iligawanyika katika mafungu manne: ni gesi kiasi gani itolewayo, na itatolewa kiasi gani baadaye, huenda wapi baada ya kutolewa, joto na mvua hubadilikaje kwa sababu yake, na mabadiliko hayo huwafanyia nini mimea, wanyama na wanadamu. Kila fungu hutegemea lililotangulia, na shaka ya fungu moja hurithiwa na linalofuata.

Fungu la pili lafanana na daftari la mapato na matumizi. Mwaka 2023 mafuta, makaa ya mawe na gesi vilitoa yapata tani bilioni 37 za hewa ya ukaa, mbali na ile itokanayo na kufyeka misitu. Karibu nusu ya jumla hubaki angahewani. Iliyobaki hugawanywa baina ya bahari na nchi kavu. Daftari hili lakaguliwa kwa njia nyingine pia. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta, kwa kuwa ni ya kale mno, haina tena kaboni ya kumi na nne iliyo nururifu, na Suess alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba pete za miti zimerekodi kupungua kwake. Tena kila uchomaji hutumia oksijeni, na vipimo alivyovianzisha Ralph Keeling vyaonyesha oksijeni ikipungua kadiri itarajiwavyo. Ushahidi wa njia tatu zisizotegemeana waelekea mahali pamoja.

Kwa fungu la tatu ilitumika njia ya kuwakalisha wakaguzi. Mwezi wa Julai 1979 kikundi kidogo cha wataalamu, kikiongozwa na Jule Charney, kilikutana kwa siku tano Woods Hole, Massachusetts, ili kuchunguza hesabu za wengine na kutafuta kama kuna kosa kubwa lililopitiwa. Hawakuliona. Walikadiria kwamba gesi ikiongezeka maradufu, joto litapanda baina ya nyuzi 1.5 na 4.5, na yumkini karibu na 3. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lililoundwa mwaka 1988 na shirika la hali ya hewa duniani pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, lilitaja makadirio bora yaleyale ya nyuzi 3, lakini mipaka ikiwa imekaribiana: 2.5 hadi 4. Miaka 42 ya kazi haikulibadilisha jibu la katikati. Ilipunguza shaka yake. Hayo si matunda madogo, kwa kuwa apangaye mabwawa, mazao na bandari huhitaji kujua shaka kama ahitajivyo kujua makadirio.

Lugha ya jambo hili

Kiswahili kimeubeba mzigo wake katika taaluma hii, lakini kwa njia isiyosawazishwa. Maneno hali ya hewa na tabianchi hutumiwa na wengi kana kwamba ni mamoja. Masika yakikosekana mwaka mmoja, hiyo ni hali ya hewa; wastani wa masika kwa miaka 30, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha wataalamu, ndio tabianchi. Msemaji akichanganya maneno hayo, msikilizaji atadhani kwamba mvua moja nzito yaithibitisha hoja nzima, au kwamba wiki moja ya baridi yaibatilisha. Kadhalika gesi moja yaitwa hewa ukaa, hewa ya ukaa, kabonidioksidi na dioksidi ya kaboni, na mkulima aambiwaye juu ya biashara ya kaboni hana njia ya kujua kwamba kinachouzwa ni kiasi cha gesi ileile kilichozuiliwa mitini. Mkataba usioeleweka katika lugha ya atiaye sahihi si mkataba wa haki. Kazi ya kusanifisha maneno haya si pambo la utafiti.

Afrika ya Mashariki ina nafasi katika upimaji pia. Mwaka 1999 kilifunguliwa katika Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 3,678, kituo cha mtandao wa dunia wa kuangalia angahewa. Hata hivyo vituo vya namna hiyo katika bara zima la Afrika ni vichache, na kwa hiyo ukurasa wa misitu na savana za Afrika katika daftari la kaboni umejazwa kwa makisio zaidi kuliko ukurasa wa Ulaya.

Hitimisho

Mwezi wa Novemba 2022 Mauna Loa ulilipuka. Lava ikakata njia na nyaya za umeme, na mitambo ikasimama. Upimaji ulihamishiwa kwa muda katika mlima jirani wa Maunakea, na kwa kuwa gesi za kulinganishia zilikuwa zilezile, vipimo viliungana na vilivyotangulia. Mwaka 2025 mapendekezo ya bajeti ya serikali ya Marekani kwa mwaka wa fedha wa 2026 yalitaka kufutwa kwa fedha za maabara zinazoendesha upimaji huu, kama ilivyotokea katika miaka ya 1960. Volkeno ilikuwa imetarajiwa na wapangaji, na dawa yake ilikuwapo. Dhidi ya kuchoka kwa watoao fedha haijapatikana dawa isipokuwa moja: kuwa na wapimaji zaidi ya mmoja, katika nchi zaidi ya moja, wanaotumia gesi za kulinganishia zilizosawazishwa, ili mstari usikatike popote mkono mmoja unapolegea.